Ukikwama, Weka Kijani

Mwanafunzi wa chumba kile hakuwa na macho, hakuwa na masikio, wala hakuwahi hata siku moja kuomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Alikuwa akili mnemba, programu iliyokaa ndani ya kompyuta kubwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wa walimu wake aliyewahi kufika, na masomo yake yalikuwa haya: kutazama picha zilizopigwa na setilaiti na kusema hapa pana nyumba, hapa pana maji, hapa pana majani. Walimu wake walikuwa watu kumi na wawili, wameketi safu mbili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kutwa nzima walishika vipanya vyao wakayazungushia mapaa mstari wa njano, mito mstari wa buluu na mimea mstari wa kijani, kipande kwa kipande, mpaka Mwanafunzi akaanza kuotea mwenyewe. Akipatia, walimsifu kama mtoto aliyeanza kutembea. Akikosea walimsema kweli kweli, ingawa hakusikia.

Mmoja wa walimu hao aliitwa Bi Kijani. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alilipata hapo hapo kazini, na alilitolea jasho. Mwezi wa kwanza chumba kizima kilikuwa kikigombana. Utaratibu ulitaka kila kipande cha picha kitazamwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, na wakipishana kiende kwa mtu wa tatu. Sasa kulikuwa na vipande vyenye majani majani, ambamo huyu aliona paa kuukuu, yule akaona kichaka, na wa tatu hakuona kitu isipokuwa njaa, maana saa ya chakula ilikuwa imeshapita. Kazi ikalala. Ndipo yeye, kwa kuchoka tu, akasema mbele za watu: jamani, ukikwama, weka kijani. Wakacheka, kisha wakafuata. Msimamizi wao, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, alipoona vipande vinakwenda mara mbili ya mwanzo, aliichapa kauli ile kwa herufi kubwa, akatia sahihi yake chini, akaibandika ukutani juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Ikakaa pale miezi kumi na minne. Bi Kijani hakulichukia jina lake jipya. Kusema kweli lilimpendeza, kwa sababu si kila mtu ana sheria yake ukutani.

Babake alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu. Mtaani kwake, kule bondeni, walimwita Bwana Mnyororo, kwa ule mnyororo wa chuma aliokuwa akipimia viwanja enzi zake, ambao sasa ulining'inia sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Alipoambiwa mara ya kwanza kwamba bintiye ameajiriwa kutazama ardhi bila kuikanyaga, alicheka mpaka akakohoa. Kupima nchi umekaa kitako, alisema, tena umevaa viatu safi. Lakini Bi Kijani alijua vizuri kwamba kinyozi, muuza magazeti na daktari wa meno wa babake wote walikuwa wameshasimuliwa habari za setilaiti, na kwa chumvi nyingi, hata daktari wa meno aliwahi kumwuliza kama huko angani huwa hasikii baridi.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, simu yake ikaita. Akaona ni babake, akaipokea upesi, maana yule mzee hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi.

“Mama,” akasema. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alichukua jina la bibi yake. “Hivi mtu akiishi ndani ya kichaka, barua zake zinaletwa wapi?”

Bi Kijani akamwuliza ana maana gani, na babake akamweleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kusoma vipimo. Asubuhi hiyo mafundi wawili walipita mtaani wakichomeka vigingi vyekundu mahali zitakapochimbiwa nguzo za ving'ora. Walipofika kwenye kona yao waligeuza wakarudi. Yeye akawafuata, akawaomba ramani yao, akavaa miwani. Akaisoma kama alivyosoma ramani maisha yake yote, kuanzia pembeni kuja katikati, na pale ilipopaswa kuwa nyumba yake akakuta rangi ya kijani, safi, bila hata doa. Kati ya nyumba kumi na moja za kona ile, saba zilikuwa bustani.

Ramani ile haikuwa ya pambo. Mto wa bondeni ulikuwa na tabia ya kupanda ghafla wakati wa mvua kubwa, na mara ya mwisho ulipanda watu wakiwa mezani wanakula. Ndipo ukaja mpango wa ving'ora: vitasimikwa juu ya nguzo, vilie kabla maji hayajafika, watu wakimbilie mlimani. Ving'ora vilikuwa vichache, na nguzo zilipelekwa kwenye nyumba nyingi. Nyumba zilihesabiwa na Mwanafunzi. Orodha ya kwanza ilikuwa imetoka. Ya mwisho ingefungwa Ijumaa ijayo saa kumi jioni, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki sita. Kona yenye nyumba nne tu haikupewa nguzo.

Bi Kijani alikata simu. Nyumba ya babake alizaliwa ndani yake. Akaitafuta kwenye skrini na kuikuza, na kweli, palikuwa kijani.

Alijua sababu kabla hajaitafuta. Ulikuwa mpasheni wa mamake. Miaka mingi nyuma, mamake alichoka kuokwa na mabati, akapanda mche wa pasheni karibu na dirisha la jikoni na kuuelekeza juu kwa kamba. Mwaka uliofuata paa lote lilikuwa limevaa majani na chumba cha kulala kilipoa. Na kwa kuwa mamake hakuwahi kuwa na kitu kizuri asikigawe, akapeleka vipandikizi kwa jirani huyu na yule, mpaka kona nzima ikapoa. Miaka miwili sasa tangu afariki. Mpasheni ulikuwa hai na unazaa, na babake aliumwagilia kila jioni, akauita “wa mwenzangu”.

Jirani yake wa meza, dada mcheshi aliyekuwa akijua kila linaloendelea chumbani, alichungulia skrini yake na kumnong'oneza. Aongeze tu nyumba ya mzee kwa mkono, alisema, ni dakika moja, hakuna atakayeuliza. Bi Kijani alisogeza kipanya mpaka kwenye pembe ya paa. Akazungushia mstari wa njano, kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Halafu akatazama nyumba ya pili yake. Kijani. Na ya tatu. Akapeleka picha upande wa pili wa mto, ambako hakumjua mtu hata mmoja, akakuta viraka vya kijani vyenye pembe nne zilizonyooka mno kuwa za vichaka. Mamake hakuwa mtu pekee duniani aliyechoka na joto la mabati, na Mwanafunzi hakuwa mjinga. Alikuwa ameshika barabara kile alichofundishwa: ukikwama, weka kijani.

Akaufuta mstari wa njano.

Jumamosi alikwenda kwa babake na mkasi mkubwa wa bustani ndani ya mkoba. Alijiambia kwamba kwanza aokoe kona ile, mengine yatafuata: mpasheni ukatwe, mabati yaonekane, picha mpya ipigwe, basi. Babake alimkaribisha jikoni na kumsogezea kiti. Vilikuwa viti vyeupe vya plastiki, zamani vinne, sasa vitatu. Cha nne kilivunjika, babake aliwahi kumwambia, na yeye hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Bi Kijani alizunguka maneno weee, akatoa mkasi, akauweka mezani. Babake aliutazama. Hakukunja uso wala kupandisha sauti. Aliuchukua, akaujaribu makali kwa kidole gumba, akasema ni mkasi mzuri, kisha akaufungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

“Mwalimu ni wewe,” akasema. “Mwanafunzi hajui kutazama, halafu wewe unataka kuja kukata wa mwenzangu?”

Bi Kijani alisema kutoka juu hakuonekani kitu isipokuwa majani, hata yeye mwenyewe hawezi kuona paa.

“Na nani alikutuma kutafuta paa? Vaa viatu vyangu vya mpira, twende nje.”

Wakatoka. Bwana Mnyororo, akiwa na kofia yake ya kazini iliyofifia rangi, alitembea mbele mikono nyuma, na Bi Kijani akamfuata akiburura viatu vikubwa. Zamani, babake alimweleza, kabla ya setilaiti zenu, walipewa picha zilizopigwa na ndege, nyeusi na nyeupe, nao walitafuta nyumba chini ya miti kwa kioo cha kukuzia. Mpima mchanga alitafuta paa akalikosa. Mpima mzoefu alitafuta njia. Nyumba inaweza kufunikwa na majani, lakini njia ya miguu haifunikwi, kwa kuwa watu wanaikanyaga kila siku. Akamwonyesha kwa kidole: hii hapa, nyembamba, nyeupe, inatoka bombani haipindi pindi, inakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, na pale mlangoni inapanuka, kwa sababu watu wanasimama, wanafagia, wanaaga bila kuondoka. Ukiona njia imekwenda kufia kwenye kichaka na kupanuka, basi kile si kichaka.

Bi Kijani akauliza, je, kama ni njia ya mbuzi? Babake akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolingojea. Mbuzi, alisema, hana anakokwenda. Njia yake inagawanyika, inaungana, inazunguka, inaishia popote penye jani. Mtu ana shabaha. Mtu akipita mahali kila siku kwa moyo wake, ardhi inajua.

Walizunguka kona yote, nyumba saba za majani, na kwenye kila moja alimtaka bintiye amwonyeshe njia kabla hajaonyeshwa. Alipokosea alimrudisha nyuma hatua kumi. Hawakuvuka ubao uliolazwa juu ya mfereji kwenda ng'ambo, ambako mamake alizikwa, kwenye kipande cha ardhi cha familia kilicho mbali nyuma ya tanuri la zamani la matofali. Bi Kijani alitazama upande huo, babake akatazama saa yake. Ndivyo alivyokuwa tangu msiba. Watu walipomwuliza kama huenda kaburini, alisema yeye na mkewe walishaagana vizuri. Jambo hilo lilimuuma Bi Kijani kuliko alivyowahi kusema. Yeye mwenyewe alikwenda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akipitia barabara kuu, kabla hajafika nyumbani kupiga hodi, ili babake asimwone macho mekundu. Kila mara alikuta hapana gugu hata moja. Alidhani yameliwa na mbuzi wa jirani, na moyoni alimshukuru.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya msimamizi. Alieleza yote, nyumba ya babake, viraka vya pembe nne upande wa pili wa mto, na kauli yake mwenyewe ya mwezi wa kwanza. Alisema kosa ni lake na kwamba orodha ikienda ilivyo, kuna watu watalala usingizi maji yakiwa mlangoni.

Msimamizi aliinuka, akaenda kwenye mtungi wa maji, akaibandua ile karatasi polepole ili rangi ya ukuta isitoke.

“Ningetaka kukukasirikia,” akasema, “lakini sahihi hapa chini ni yangu. Ni vipande vingapi?”

Vilikuwa elfu moja mia tisa na kumi na viwili. Bi Kijani alikuwa ameshavihesabu.

Wiki ile hakuna aliyekumbuka chai. Bi Kijani alisimama mbele ya ukuta na kuwafundisha wenzake njia kama alivyofundishwa, mpaka na ile ya mbuzi, na jirani yake wa meza akamwuliza kama sasa aitwe Bi Mbuzi. Wakacheka kidogo, wakainama tena. Wakaanza kuchora mistari myembamba, meupe, kila njia ya miguu waliyoiona, na mwisho wake wakauliza: hapa pamepanuka? Pana kivuli? Pana pembe? Dalili zilipotimia wakaweka njano juu ya kijani. Walipokwama hawakuweka kitu, walinyanyua mkono wakaitana. Ilikuwa kazi ya polepole, ya kuumiza shingo. Jumatano Bi Kijani alimpigia babake kumwuliza kuhusu njia inayofika ukingo wa mto na kukatika, na Bwana Mnyororo, kwa furaha isiyofichika, akamweka kwenye simu dakika arobaini.

Alhamisi jioni walimpa Mwanafunzi masomo yake mapya. Ijumaa saa nane mchana akarudisha majibu. Nyumba mia tatu themanini na nane zilikuwa zimetoka majanini. Msimamizi alisoma hesabu ile mara mbili, akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Bi Kijani alikwenda haraka kwenye kona ya kwao. Nyumba ya babake: njano, asilimia themanini na saba ya uhakika, na mpasheni wa mamake ungali juu yake haujaguswa jani. Akazihesabu pamoja na za jirani. Zilikuwa kumi na moja zote, na alama nyekundu ya nguzo ilikuwa imeshajiweka pale penyewe.

Halafu akahesabu tena, akapata kumi na mbili.

Ya kumi na mbili ilikuwa peke yake, ng'ambo ya mfereji, nyuma ya tanuri la matofali. Asilimia sitini na nne. Mwanafunzi alikuwa ameiweka kwenye orodha ya mashaka, ile ambayo ni lazima mtu aitazame kwa jicho lake kabla ya saa kumi. Bi Kijani alijua hapana nyumba pale. Alijua hasa kuna nini pale, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Lakini hakukibonyeza. Akaikuza picha aone kilichomdanganya Mwanafunzi.

Ilikuwa njia, nyembamba, nyeupe. Ilianzia mlango wa jikoni wa babake, ikavuka ubao wa mfereji, ikapita kando ya tanuri, haipindi pindi, haigawanyiki, mpaka kaburini kwa mamake. Na pale mwisho ilipanuka. Katikati ya upana ule palikuwa na nukta moja nyeupe, yenye pembe. Kila nukta ya picha zile ilikuwa nusu mita ardhini. Upana wa kiti.

Akafungua picha za zamani, zile zinazohifadhiwa kwa tarehe. Ya kabla ya msiba: majani matupu. Ya mwezi baada ya msiba: mstari hafifu, unaoweza kuudhania ni mkwaruzo wa kioo. Miezi mitatu baadaye ulikuwa umekolea. Baada ya mwaka mzima, mweupe kama chaki. Setilaiti ilikuwa ikipita juu ya bonde lile saa nne na nusu asubuhi, inapiga picha na kwenda zake, na karibu kila ilipopita ile nukta nyeupe ilikuwapo. Bi Kijani alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye picha hizo miezi kumi na minne.

Akampigia.

“Baba, uko wapi?”

“Niko nje.”

“Nje wapi?”

“Nje tu, nimekaa.”

“Umekalia kiti cha nne?”

Akasikia ndege, na upepo kwenye majani, na pumzi ya babake.

“Mama,” mzee akasema mwishowe, “hiyo mashine yenu imeanza umbea.”

Bi Kijani akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya jirani yake wa meza ambaye kwa mara ya kwanza aligeukia skrini yake mwenyewe. Akamwuliza babake mbona alisema wameshaagana. Babake akajibu kwamba waliagana, ndiyo, ila hakutaja kwamba kila siku anasahau neno moja na kurudi kulisema. Akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba Jumamosi kabla ya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi hukificha kiti nyuma ya tanuri, maana alijua bintiye huja akilia, na hakutaka aone kwamba baba naye amekuwa akikaa pale kama mtoto aliyefungiwa nje. Na magugu, si huliwa na mbuzi wa jirani? Magugu hung'oa yeye. Mbuzi wa jirani, alisema, hajawahi kuvuka ule ubao, anaogopa maji.

Sasa ikabaki kazi. Bi Kijani alipangusa uso, akaitazama saa. Saa tisa na nusu. Mahali pale hapakuwa nyumba, na yeye hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye ramani tena. Lakini akipafuta tu, king'ora kitalia kwenye nguzo karibu na bomba, na kikilia katikati ya mvua hakisikiki mbali. Akamwuliza babake ni umbali gani kutoka bombani mpaka hapo alipokaa. Mzee hakufikiri hata kidogo: mita mia nne na kumi. Na mfereji, ambao ndio hujaa kwanza, ulikuwa katikati. Mtu aliyekaa kwenye kile kiti asingesikia kitu, angeinuka zake kurudi nyumbani, na angeingia kwenye maji kwa miguu yake mwenyewe.

Kulikuwa na aina nyingine ya alama, iliyotumika mara chache: watu bila paa. Iliwekwa kwa ajili ya viwanja vya mpira, magulio na visima, mahali ambapo hakuna nyumba lakini watu hupatikana. Bi Kijani akafuta njano, akaweka alama ile. Nguzo nyekundu ikajihesabu upya yenyewe, ikasogea polepole kuelekea mferejini, mita mia mbili, ikasimama kati ya bomba na kaburi. Babake alipoelezwa alipiga hesabu, akasema ni sawa, hapo pande zote mbili zitasikia, na kwamba huyo Mwanafunzi anaweza kufaa kazini akipata msimamizi mzuri.

Fomu ilitaka jambo moja zaidi, na Bi Kijani akaliuliza kwa mazoea, bila kufikiri.

“Huwa mko watu wangapi hapo?”

“Wawili,” babake akasema. Kisha akaongeza: “Ila wa kukimbia ni mmoja.”

Aliandika mmoja. Saa kumi kasoro dakika nne orodha ikaondoka, na msimamizi, ambaye hakuwa na maneno mengi, akawaambia wote waende nyumbani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata Bi Kijani hakupitia barabara kuu. Alipiga hodi nyumbani kwanza, akaingia jikoni, akabeba kiti kimoja cheupe na kumfuata babake juu ya ubao. Walikaa pale mpaka jua likawa kali. Mzee alimwambia mkewe habari za nguzo mpya, kwa chumvi nyingi, na Bi Kijani hakumrekebisha. Walipoinuka, babake alishika kiti chake ili akifiche nyuma ya tanuri, kama alivyokuwa akifanya kila bintiye alipokuja, akakumbuka, akakiacha. Na Bi Kijani akakiacha chake.

Setilaiti ikapita wiki hiyo saa nne na nusu, kama ilivyozoea. Mwanafunzi aliitazama picha akaona nukta mbili mahali palipokuwa na moja, na kwa adabu aliyofundishwa, badala ya kuotea, akauliza. Swali likafika kwenye meza ya Bi Kijani. Akarudi kwenye ile fomu, akafuta mmoja, akaandika wawili.